Kisima Kilichofika Kwenye Lava

Jumatatu, 4 Agosti
Tluway, fundi wangu wa visima, kashuka kisimani saa moja asubuhi. Mimi navuta ndoo. Siku ya tisa, mgongo haufai tena. Udongo mwekundu umekwisha, sasa anatoa jiwe laini la kijivu: jivu la volkano lililogandamana. Nililiparua kwa kucha likamomonyoka. Nimefundisha jiografia hadi nikastaafu, na sikuwahi kuligusa likiwa bado na unyevu.

Mama Emanuel, mke wangu, karudi kutoka mtoni kuteka maji na punda saa nne. Goti lake limevimba tena. Halalamiki, ndiyo maana kisima lazima kitoe maji.

Jumatano, 6 Agosti
Maji. Yanamfika Tluway magotini. Huko chini jivu limeoza likawa udongo wa mfinyanzi, unanata kwenye ndoo kama ugali. Akapaza sauti, "Mwalimu, tuishie hapa. Huu udongo ndio umeyashika." Nikamwambia chini yake kuna lava, mwamba mgumu, na juu ya mwamba mgumu ndiko maji hujaa. Akajibu, "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Alhamisi, 7 Agosti
Kafika kwenye mwamba mweusi. Anasema una nyufa, mkono unaingia. Nikamwambia asafishe tu, maji yatajaa hadi asubuhi.

Ijumaa, 8 Agosti
Kikavu.

Lava ikipoa husinyaa, ikisinyaa hupasuka. Nimeliandika hilo ubaoni kila mwaka. Tumetoboa udongo ulioyashika maji, nayo yakashukia kwenye nyufa. Mjinga ni mimi. Nimemkasirikia Tluway kwa kunitii, nayo ni dhambi nyingine.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumeshindilia udongo wa mfinyanzi kwenye nyufa kutwa nzima. Bure. Unyevu unachuruzika ukutani na kupotea.

Mama Emanuel akamuuliza Tluway kwa nini hakuishia kwenye maji. "Mwamba ulikataa, mama," akajibu, akikunja kamba. Kanisitiri. Nami nikakubali kusitiriwa. Sijala.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada Mama Emanuel aliwaambia majirani wasimpe Tluway kazi, hajui miamba. Wawili walikuwa wanamtaka wiki hii. Nikasema: alitaka kuishia, mimi ndiye niliyemlazimisha. Sauti ilitoka ndogo, lakini walisikia.

Mama Emanuel hakuniangalia. Njia nzima alichechemea mbele yangu, nami sikuthubutu kumpita.