Kifaranga wa Mwisho wa Nuala

Mpendwa mshauri Bi Attracta, naomba msaada, na kwanza ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye huwa naulizwa, maana nimeendesha lori kutoka hapa Leitrim hadi Lisbon miaka ishirini na sita, nimekula pweza kwa Wahispania, nimebishana na askari wa mipakani kwa lugha nne na zote sizijui, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tatu na wala haijanitafuta, lakini sasa nimeshindwa na kiumbe anayeenea kwenye kikombe cha chai.

Mke wangu Nuala alifariki siku tisa zilizopita. Kitanda chake tulikuwa tumekileta jikoni karibu na jiko la chuma apate joto, na kuku wetu wa kijivu naye alikuwa humo humo, ndani ya sanduku, akiatamia mayai kumi na matatu, kwa sababu mbweha alikuwa amevunja banda. Mayai yale Nuala aliyachora msalaba moja moja kwa kipande cha mkaa, kama mama yake alivyokuwa akifanya, na nguvu zilikuwa zimemwishia mpaka misalaba mingine ikapinda. Alipokata roho nilifungua dirisha mimi mwenyewe ili roho ipite, watu wakaanza kuja kumlilia, nyumba ikajaa, mtu akaniuliza kuku tumweke wapi nikasema mpelekeni ghalani, sikufikiri, nilikuwa namwangalia Nuala. Kuku akayakimbia mayai. Nilikuja kuyakumbuka baada ya mazishi, nikayaingiza kwenye droo ya chini ya jiko tunayokaushia soksi, na siku ya ishirini na moja tangu kuku aanze kuatamia yai moja likatoboka, moja tu, nikasikia kifaranga analia ndani, nikangoja saa nzima, nikashindwa kuvumilia nikambandua ganda kwa kucha zangu, akatoka na damu kidogo.

Sasa ana siku nne. Miguu imetanuka huku na huku kama mtu aliyeteleza kwenye barafu, nyuma kumegandana kinyesi, analia mchana kutwa. Nimemlaza kwenye sanduku chini ya dirisha apate hewa safi, juu ya gazeti lenu hili hili, nampa maziwa ya moto na tone la wiski, dawa iliyoniokoa mimi kule Hamburg. Jirani yangu Dympna alikuja jana, akamtazama, akasema, "Malachy, mnyonge shingo apumzike."

Nikamwambia, "Wewe goti linakuuma tangu mwaka juzi, mbona hatujakunyonga?"

"Mimi naumwa huku napika chai. Huyu anapika nini?"

Kisha akataka kulifunga dirisha, anasema jikoni kuna baridi kuliko kanisani. Nikamzuia, lile dirisha liko wazi tangu siku ile na nina sababu zangu. Akaniangalia, akaenda zake. Ganda lenye msalaba ninalo mfukoni. Niambie, Bi Attracta, nimnyonge au nimlee? Maana nikimuua huyu, kitu cha mwisho alichokigusa Nuala kitakuwa kimekufa mkononi mwangu, na yeye atakuwa amekufa mara ya pili.

Malachy Gilhooly

Malachy, pole sana. Pole kwa Nuala kwanza, na sasa nisikilize, maana lugha zako nne hazijui kuku.

Wiski iache leo. Wewe ni dereva wa lori, huyu ana uzito wa barua. Maziwa pia acha, hayo ndiyo yanayomgandisha nyuma. Chukua pamba na maji ya uvuguvugu, msafishe taratibu bila kuvuta, mkaushe. Mpe maji yenye sukari kidogo, umchovye ncha ya mdomo tu, usimmiminie. Kiini cha yai la kuchemsha kiponde, umpe chembe chembe.

Gazeti letu ni la kusoma, Malachy. Linateleza, na miguu yake inazidi kutanuka juu yake. Tandika taulo kuukuu. Kisha mfunge miguu kwa utepe laini, iwe imeachana kiasi cha kusimama, na umfungue baada ya siku mbili umtazame. Chupa ya maji ya moto izungushie kitambaa, mweke ubavuni pake. Akihema mdomo wazi, amezidiwa na joto, msogeze. Akilia na kujikunja, ni baridi. Wewe umeniandikia kwamba analia mchana kutwa, halafu unaniuliza ana nini.

Ganda ulilibandua mapema, ni kosa, na wengi tumelifanya kwa huruma. Kuku kupelekwa ghalani si kosa lako. Mtu aliyefiwa haulizwi habari za kuku, na aliyekuuliza ndiye aone aibu.

Ikifika Jumapili hanywi na hasimami, usimwache ateseke ili wewe usilie. Mwite Dympna, naona mkono wake hautasita, na baada ya hapo umpikie yeye chai. Kifaranga akisimama, mwombe Dympna akutafutie vifaranga wawili wa umri wake, maana wa peke yake hufa kwa upweke hata akishiba. Hilo nalisema kwa kuku, na wewe pia umesikia.

Sasa hizo sababu zako. Mama yangu alinifundisha kama wako alivyokufundisha: dirisha hufunguliwa roho itoke, hukaa wazi kitambo, kisha hufungwa, isirudi kuhangaika. Wewe umeliacha siku tisa ili arudi. Naelewa. Mume wangu alipofariki nililiacha siku tatu, na ni mvua tu iliyoingia. Nuala alishatoka, Malachy, na upepo unaompitia yule mdogo sasa hivi si yeye.

Pamba, maji, taulo, utepe, vyote unavyo nyumbani. Anza na dirisha.