Numero 41 Hakupotea

Lubondja, tarehe 9 mwezi wa pili 1999

Kwako mudogo wangu Alphonse,

Jambo sana. Afya yako aje huko Kigoma, na kazi ya biro, ile ofisi yenu ya uchunguzi? Sisi tuko wazima, ni vita tu njo inatukosea adabu.

Gentille, jirani yetu mwenye alikimbilia huko kwenu, alivuka ziwa akanieleza neno yenye imenichoma. Ati bale batoto 212 benye balizaliwa mwaka wa 1979, benye biro yenu ilikuwa inapima hapa kila mwezi wa saba, sasa mutabaandika "amepotea", juu miaka mbili hakuna mwenye alibapima. Nani alipotea? Nyinyi njo mulikimbia, sisi tuko hapa. Miaka kumi na saba mi nilibaita kwa majina, mukatoa damu yao, mukisema munataka kujua vile utoto wa muntu unamufuata mpaka uzee. Hata Vainqueur wangu, numero 41? Jana alikula sombe yangu ya majani ya muhogo. We mjomba wake unamuandika amepotea? Uone haya kidogo.

Yaya yako, Marthe


Kigoma, tarehe 2 mwezi wa tatu 1999

Yaya Marthe, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu nyingi. Mi niko muzima, mafua kidogo.

Usinikalipie, natumika tu. Shefu anasema vita imeharibu uchunguzi, juu balitaka kufuata maisha ya kawaida. Fishi, ile karatasi ya kujaza, iko na nafasi tatu: alionekana, alikufa na karatasi ya hospitali, ao alipotea. Lakini we unabajua bote. Ukibapima mwenyewe, nitaandika.

Mudogo yako, Alphonse


Lubondja, tarehe 20 mwezi wa sita 1999

Mudogo wangu,

Jambo. Mafua ilipona? Mi miguu imevimba, lakini natembea.

Mizani yenu basoda ba vita balibeba. Nilipima na ile ya Hawa, mwenye kuuzisha samaki kwenyi soko ya Baraka. Nimepata 189, bengine mashambani kwenyi banalala kwa kuogopa. Florentine, numero 88, mulisema alizaliwa na kilo mbili. Sasa naye amezaa mutoto wa kilo mbili. Shefu anasema vita imeharibu uchunguzi? Anafikiri afya yetu inakaa wapi? Kitanda haukilalie, kunguni zake hauzijue.

Kumi na tisa balikufa, majina iko nyuma ya barua. Banabaki bane. Vainqueur ameenda Kilembwe kunitafutia hao, atarudi wiki hii.

Yaya yako, Marthe


Kigoma, tarehe 14 mwezi wa tisa 1999

Yaya,

Jafari mwenye boti aliniambia habari ya Vainqueur. Pole, yaya. Nililia mbele ya batu kwenyi biro.

Bale ulipima, shefu amebakubali. Lakini Vainqueur, juu alikufa nyuma ya kupimwa, na bale kumi na tisa, anasema bila karatasi ya hospitali batabaki "amepotea". Nilimuambia hospitali iliungua. Alinijibu kanuni ni kanuni. Natafuta boti nije kwa matanga.

Mudogo yako, Alphonse


Lubondja, tarehe 3 mwezi wa kumi 1999

Alphonse,

Leo sikuulizi habari ya afya.

Balimupiga risasi kwenyi njia ya Kilembwe, na majina ya bale bane mufukoni. Tulimubeba siku mbili, mi nilishika upande wa miguu. Nilimuosha na mikono yangu, tukamuzika nyuma ya nyumba. Batu makumi tatu balitoka porini kukaa matanga, na kila mumoja ametia kidole hapa chini. Hii njo karatasi yetu. Hospitali gani ilimujua mutoto wangu kunipita?

We ni mjomba, na matanga ya kwetu haifungwi bila mjomba. Lakini usivuke. Andika kwanza ya kwamba numero 41 alikufa, na bale kumi na tisa nao, kila mumoja na jina yake. Shefu akikataa, kaa palepale kwa mulango yake mpaka achoke kukuona. Sisi bamama ba matanga tunalala chini mpaka siku utakuja kuifunga, na mvua imeanza.

Yaya yako, mama ya Vainqueur