Kwa Shemeki Kalonji, ju ya Mwadi na Député wa Wafu

Kolwezi, commune ya Manika
Tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Mupendwa shemeki Kalonji, weye muzee wa kichwa nguvu,

Jambo sana. Nakusalimia na mikono mibili, sawa vile mukwe anapashwa kusalimia, hata kama najua utasema: huyu Mukalay akikuwa na heshima, iko kitu anatafuta. Magoti inasema nini? Na ile kikohozi? Mama Elise angali anakukataza chumvi, ao unaiba tu jikoni sawa zamani? Mi niko. Meno imebakia kidogo, lakini zenye zimebakia zinapatana. Macho inaona mbali kuliko karibu: Mwene-Ditu kwenu naiona muzuri, ni kijiko yangu njo natafuta asubui yote.

Huku ni baridi. Makamyo ya minerai ya shaba inapita, mavumbi inalala ku dirisha sawa unga, unaweza kuandika jina na kidole. Mi naandika ya Mwadi, dada yako. Kisha nafuta mbele majirani baone, ju batasema muzee amerudia darasa la kwanza. Na darasa la tatu njo nilifika, unajua, basi nisamehe maandiko.

Barua yako yenye ulitumia ule dreva ilifika. Nilisoma fasi ya salamu, nikacheka. Nikasoma fasi ya pili, kicheko ikakauka. Unasema: kama kampuni ya minerai inahamisha makaburi ya zamani ju ya kuchimba, basi dada yenu arudie kwao, alale kwa baba yake. Kisha unaniuliza huyu député, mbunge mwenye kutunga sheria ya makaburi, ni nani, mutu wa kuaminia ao mwizi wa kawaida. Nitaanza na hii ya pili. Ile ya kwanza inaniuma.

Député ni Abigaëlle. Abigaëlle Mbuyi, binti ya Tshibangu, ule wa kuchomea chuma mwenye mulifanya naye kazi. Ndiyo, ule mutoto wa makamasi! Mwadi alimufundisha kukoroga munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, akamwanga ndoo muzima mu uwanja wa lupango. Leo banamuita Honorable, ana kiti mu Assemblée, bunge ya mukoa, na akipita batu banasimama. Mi nabakia nimeikala, namuuliza: «Honorable, munkoyo yetu iko wapi?» Anasema: «Tata Mukalay, kuwa na huruma, niko na bageni.»

Ile mwaka balibafukuza ninyi batu ba Kasaï hapa Katanga, Tshibangu alikatala kupanda treni. Unakumbuka. Tulimuficha mu kachumba ka mahindi, Mwadi anamupelekea chakula chini ya nguo chafu, ju hakuna askari anapendaka kufunua nguo chafu. Alizeekea hapa, akafia hapa, na kaburi yake iko karibu na ya Mwadi. Abigaëlle akasoma, akafundisha darasa la tano miaka mingi. Njo mana hata leo anasemesha baminisitre ba mukoa sawa batoto habakuosha masikio.

Uchaguzi wa kwanza, mu 2006, alianguka. Ku mukutano mutu mumoja akalalamika: «Weye unatoka wapi?» Akajibu: «Avenue ya pili, nyumba ya kona, na mbwa yetu inakujua.» Batu balicheka hata kulia, kisha balienda kupigia bengine. Kucheka haiko kura, shemeki. Mu 2018 akaanguka tena. Bamoja basema balimuibia. Mi nasema hapana: tulimupigia kidogo tu, najua, ju nilikuwa kati ya benye kumupigia na hatukusukumana.

Mu 2023, bengine bote baliingia kampanye na ngoma, na pombe, na matisheti. Yeye aliingia na jembe. Alichukua bamama ba kwaya, akaenda ku makaburi, bakaanza kukata majani. Habakukata ya Baluba ba Kasaï tu. Bote: yetu sisi batu ba Katanga, ya Balunda, na ile hata musalaba haina. Samy kinyozi, unajua vile mudomo yake haina mulango, akapita na kinga, baskeli yake, akapiga kelele: «Abigaëlle, wafu habapigake kura!» Yeye hata hakunyanyua kichwa: «Najua, Samy. Lakini mama yako iko hapa chini ya haya majani. Shuka, shika jembe.»

Samy alishuka. Kesho yake alileta bandugu yake. Juma yenye ilifuata muji muzima ilikuwa kule, kila mutu anatafuta wake. Njo fasi alitoka na ile jina, Député wa Wafu. Mi nilibeba mégaphone yake hata sauti ikanitoka, nikabakia kuongea sawa bata. Akapita. Haikukuwa na wingi wa kujivunia, lakini akapita. Na hakuna mutu alimuuliza tena anatoka wapi, ju bote balikwisha kuona kaburi ya baba yake.

Alikuwa ameahidi bitu bitatu. Maji ifike mu malupango, bamama baache kulala ku bomba. Anapigana bado, maji nayo inapigana. Makamyo ivae bâche, turubai ya kufunika mizigo, mavumbi ipunguke. Sasa inavaa, lakini tu ikikaribia Assemblée. Ikipita tu, inavua, sawa mwanafunzi na kofia yake. Na makaburi. Hii njo alifika nayo mwisho. Kampuni haitagusa kaburi na machine mbele ya jamaa kufika yenyewe, kuita mufu kwa jina, kumuelezea fasi anapelekwa. Na fasi hiyo, ni jamaa inachagua. Mwenye hatakuwa na mutu wa kusimama, ataenda na bengine mu shimo moja, upande mupya.

Siku balipitisha sheria mi pia nilikuwa juu, fasi ya raia. Nilipiga makofi kuliko bote. Kisha akasoma mustari wenye unasema jamaa ni nani: kwanza damu, wazazi, batoto, bandugu. Kisha bwana ao bibi. Makofi yangu ikabakia hewani, mukono moja huku, mwingine kule. Ju unajua, shemeki, na Mwadi hatukuzaa. Damu yake ni weye peke yako.

Nilimufuata ku biro yake. Nilikuwa na kasirani, hata kofia sikuvua.

«Abigaëlle, nilipiga kelele mu barabara ju yako, na weye unaninyang'anya bibi?»

«Tata, ikala kwanza.»

«Siikale. Mbona haukuandika bwana mbele?»

«Nikiandika bwana mbele, mabwana ba hapa banaoa tena, banasahau kaburi. Nimebaona.»

«Mi sikuoa tena.»

«Ndiyo. Lakini siwezi kutunga sheria ya mutu mumoja.»

«Basi tunga kadogo. Ka Mukalay.»

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaangalia mikono yake. Akasema: «Mama Mwadi ningependa abakie karibu na baba yangu, mi pia. Lakini mutu anaolewa, mifupa yake haiolewake. Weye mwenyewe ulinifundisha ile. Mwandikie tata Kalonji. Sheria inasema ndugu njo anachagua. Haisemi asibembelezwe.»

Basi nakubembeleza. Vumilia, sijazoea, mi nimezoea kukutukana.

Najua ile siku ya gare, siku treni ilibabeba. Muzigo ya Mwadi ilikuwa juu ya muzigo yako, ulimunyooshea mukono, yeye akarudi nyuma, akasimama upande wangu. Uliapa hautakanyaga tena mu muji yenye ilibafukuza. Na haukukanyaga, hata siku ya kumuzika. Sikukuhukumu. Sisi tulibaweka mu treni sawa magunia, na bamoja kati yetu baliimba. Mi sikuimba, lakini sikusimamisha treni pia.

Unasema arudie kwao. Ni kweli, ni haki yako, na babu zangu bangesema vilevile. Mi nakuambia tu vile iko huku. Kila siku ya Mungu, kisha ya misa, naenda kwake ku kaburi. Namupasha habari: nani ameoa, nani amefungwa, nani amenunua gari na hajui kuendesha. Uongo nao naweka kidogo, alipendaka. Nikirudia nyumbani napika bukari, ugali yetu. Nimejaribu kupika ya mutu mumoja, nimeshindwa. Unga kidogo inaungua mu sufuria. Basi napika ya babili, yenye inabakia nakula asubui, baridi. Mara ingine siku tatu inapita sijasikia sauti yangu. Nakohoa, nashituka: kumbe iko mutu ndani.

Sasa sikia. Ukisema Mwene-Ditu, ni Mwene-Ditu. Sitaleta avoka wa kesi, sitamuambia Abigaëlle akuzungushe mu mabiro. Lakini ufike mbele ya mvua, kampuni haitangoja kupita mwezi wa kumi. Na ufike weye mwenyewe, usitume mutoto. Nani atamuita jina yake ya utoto? Mi siijue. Hakuniambiaka. Na kama mutu mumoja anakuuliza hapa unatoka wapi, iko fimbo yangu, na nyuma ya fimbo iko Député muzima.

Ukifika, ukimuona pale, pengine utaniachia yeye. Sikulazimishe.

Lakini ukimubeba, shemeki, usimubebe peke yake. Nimekwenda kuuliza ku gare: treni inapita Tenke, inapita Kamina, inafika kwenu siku yenye inajisikia. Niko na sanduku moja na kiti moja. Najua ni haya, mwanaume kuikala ku bakwe. Nitaikala na haya yangu mu kona, haikulake mingi. Bukari yenu ya muhogo nitakula bila kuisema mubaya, ao nitaisema pole-pole. Unaweza kunikatala, sisi tulibakatalaka. Ila nikifa, unitafutie fasi upande wake, hata kama desturi inanuna. Andika neno moja tu, ya kuniita ao ya kuniacha: kuya, ao bakia. Nitajua.

Salimia Mama Elise, mwambie chumvi si zambi. Salimia mutoto wako Mushiya na bajukuu yenye sijaona sura, ubaambie babu yao wa Kolwezi ni muzuri wa sura, habatakuya kuhakikisha. Abigaëlle anakusalimia na heshima. Samy kinyozi naye, bila heshima.

Mungu alinde magoti yako, ayape nguvu ya kupanda treni. Na Mwadi, fasi analala, akuone ukikuya.

Ni mi shemeki yako mwenye kukupenda, hata ukininyang'anya,

Gracien Mukalay