Matete ya Dirishani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na usingizi unaupata. Sisi huku ni wazima, ila mimi nimechoka, tena uchovu usiotoka kwa kulala.

Uliuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana majirani wakikuuliza unababaika. Nachunguza nyigu wembamba kama uzi, wenye shingo ndefu na mkia wa kutagia mrefu kama mwili. Wapo nyuki wasioishi mzingani. Kila mama hutafuta tete lenye tundu, huweka chavua, hutaga yai, huziba kwa udongo, huenda zake. Nyigu huja nyuma yake, hupenyeza mkia kwenye udongo, naye hutaga humo humo. Buu lake hula yai la nyuki, kisha akiba yote. Halina ubaya. Limejikuta humo.

Matete yangu niliyatundika dirishani kwangu, kwa sababu kazini hatuna dirisha linalopata jua la asubuhi. Kaka, uliyemleta akae kwangu mpaka mambo yake yanyooke, muda wote huo alilala kitandani, mimi chini. Huniita Mama Nyigu, na husema kati ya wapangaji wangu wote ni yeye pekee anayejua kuosha vyombo. Havioshi.

Mwezi jana nilimkuta ananisubiri mlangoni, uso umechangamka. Alisema amewaona nyigu wakiwazengea nyuki wangu, akaona haya kukaa bure, basi akapuliza dawa dirisha zima. Vyote vilivyokuwa ndani ya matete vilikufa. Siku hiyo alikuwa ameniandalia chai, kwa mara ya kwanza. Profesa wangu alisema tu tuanze upya msimu ujao, na nitafute mahali pasipo na mtu.

Mama, nimepapata. Jana nimehamia chumba kidogo chenye dirisha la mashariki, kile cha zamani nimemwachia kaka. Alinisaidia kubeba mizigo, akaweka kitanda ukutani, akaniuliza yeye atalala upande gani. Nikamjibu kwamba hakuna upande. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Sikufananishi na nyigu. Hata yeye huwatakia wanawe chakula tu. Lakini mdogo wetu uliyeniandikia kwamba anafunga mizigo aje kwangu, tafadhali mwambie afungue.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na miguu uiinue ukikaa.

Ni mimi binti yako.