Chupa Yenye Mwandiko Wangu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo, au niseme miili yetu haijambo. Uliponipigia uliuliza kwa nini mdogo wangu Kitinda hajapiga simu tangu Ijumaa. Nitakueleza, ila nivumilie, maana kisa hiki kina mimi ndani yake.

Alipoajiriwa katika maabara yetu nilikuandikia kwamba nimefurahi. Mimi nilikuwa na miaka minne pale. Yeye hakumaliza mwezi, Profesa akawa anamwita Mkono Mwepesi. Na kazi yetu inautaka mkono huo. Tunachukua yai la chura, dogo kama punje ya mtama, tunalichoma kwa sindano mbili za kioo, kisha tunapima umeme unaopita kwenye utando wake. Katika mayai kumi, yangu hupasuka matano. Yake hayapasuki. Siku moja Profesa alinitania mbele ya wote kwamba mimi ni wa kupikiwa chai, maana mayai ya kukaanga ninayo tayari. Watu wakaangua kicheko. Kitinda naye alicheka, ingawa alijizuia upesi.

Uliwahi kuniuliza tunachopima ni nini hasa. Yai lile ni seli moja, Mama; utando wa seli ni mafuta, na chumvi haipenyi kwenye mafuta. Kwa hiyo seli huweka protini humo, na kila protini ina chumvi inayoijali. Chumvi ikipita, umeme hupita nayo, na huo ndio tunaoupima. Zipo zinazosukuma sodiamu tatu nje na kuvuta potasiamu mbili ndani, bila kupumzika, na chakula chetu kingi huishia kwenye kazi hiyo. Zipo zinazopitisha potasiamu tu na kuikataa sodiamu, ingawa sodiamu ndiyo ndogo zaidi. Haya yote nilimfundisha Kitinda mimi, akiwa kidato cha pili, kwa vifungo vya sanduku lako la kushonea.

Protini aliyopewa inatoka kwenye mzizi wa mmea, tunaipandikiza kwenye yai la chura ili tuipime, na kila mtu alijua ni ya potasiamu tu. Mwezi uliopita akaweka yai kwenye maji ya sodiamu, umeme ukaruka. Akarudia kwa mayai kumi na mawili, ukaruka katika yote. Profesa alimshika mikono akamzungusha kama bibi harusi. Jioni ile akampa nafasi ya kusema mbele ya wageni kwenye mkutano wa mwaka wa maabara yetu, nafasi niliyoingoja miaka miwili.

Kwetu kuna mtindo: anayemaliza chupa ya maji ya chumvi hutengeneza nyingine, na huandika jina lake kwenye utepe. Chupa aliyoitumia Kitinda niliitengeneza mimi. Jumanne ya wiki ya mkutano nilifungua kabati nikakuta kopo letu la sodiamu bado lina lakiri ya kiwandani. La zamani liliisha kabla sijatengeneza ile chupa. Kopo la potasiamu, lililo pembeni yake, lilikuwa limepungua mno. Chumvi zote mbili ni nyeupe, na siku ile nilikuwa na haraka. Protini ya Kitinda haikufanya muujiza wowote. Ilipitisha potasiamu, kama ilivyozoea.

Ijumaa akasimama, akasema vizuri sana. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akamuuliza kwa upole kama aliwahi kurudia kwa maji mapya. Hakuwahi. Yakatengenezwa palepale, wageni wakasimama nyuma yake, na umeme haukutikisika. Profesa akauliza nani aliyetengeneza chupa ya kwanza. Kitinda akanitazama, akajibu kuwa ni yeye. Akaambiwa asiyejua kutofautisha chumvi mbili aache sindano aoshe vyombo, na Jumatatu wataamua kama abaki au aondoke.

Njiani kurudi nyumbani alinieleza kwamba aliutambua mwandiko wangu akaubandua utepe wakati maji mapya yanatengenezwa. Alisema kuteleza si kuanguka, kwamba mimi nina miaka minne ya kupoteza na yeye ana miezi saba tu, na kwamba wewe usiambiwe. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, Mama. Hata wema amenizidi.

Yeye anadhani nilikosea tu. Kukosea nilikosea. Lakini tangu Jumanne nilijua, siku tatu nzima, nikala naye, nikampigia pasi blauzi ya mkutano, nikanyamaza. Nilitaka aanguke mara moja tu na watu waone. Hakuna aliyenituma.

Jumatatu nitaingia kwa Profesa kabla yake. Yeye nitamwambia leo, nikishafunga barua hii. Nimeanza na wewe kwa sababu najijua: pasipo anayejua, nitapata sababu ya kungoja.

Nisalimie Baba na jirani zetu wote. Kitinda amechungulia mlangoni sasa hivi, ameona ninakuandikia, akaniomba niseme tu kwamba hajambo na anakusalimu.

Anakusalimu.

Mwanao,
Kifungua mimba wako