Kikohozi cha Njia ya Hatta

Mzee wangu,

Ngoma zako zi salama. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo ungeuliza kabla hata ya salamu. Msondo na chapuo viko chini ya kitanda changu huku Dubai Investments Park, nimevifunika shuka, na zumari iko kabatini pamoja na nguo zangu. Salim mwanao alitaka vitoke nyumbani upesi, na nani mwingine angevichukua kama si dereva wako?

Mimi mzima. Udereva umekwisha, sasa napakia maboksi ghalani kwa yule shemeji yako. Alinipokea nisije nikarudishwa Tanga. Naamka, nafanya kazi, nalala. Sijalia bado. Msibani kwako nilikula wali nikaongeza, kisha nikakaa mlangoni nikiwapangia wageni viatu. Musyoka, Mkenya mlinzi ninayekaa naye chumba kimoja, aliniuliza, "Bro, uko sawa kweli? Si huyu ndiye ulikuwa unamwita mzee wako?" Nikamwambia niko sawa. Nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi, najua ni wangu ila siusikii.

Lakini kuna jambo limenikaa.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, Salim alituita sisi wa kundi lako sebuleni. Hakugomba. Alisema kwa Kiunguja chenu kile kile ulichomrithisha kutoka kwa mama yako, "Baba keshaondoka. Kila nyimbo yake ikipigwa, mie nahofu dhambi yake inamfuata kule aliko. Kama mwampenda, futeni. Khalas." Macho yalikuwa yamemwiva. Wenzangu wakatoa simu pale pale wakaanza kukufuta, harusi moja baada ya nyingine. Nami nikafuta. Nikabakiza rekodi moja.

Usimkasirikie Salim. Anakuogopea tu, hana namna nyingine ya kukuhudumia sasa.

Ulinisimulia safari yako yote tukiwa garini. Ulianza ukimbebea baba yako zumari, ukaja kuimba leiwa, ngoma iliyofika huku na watu wa pwani yetu, kwenye harusi za wakubwa. Kuna wakati mtu hakuweza kupita mtaa wa Deira asisikie kaseti yako dukani. Kisha wakaja madijei, na mwisho tukawa tunapiga hotelini Al Mankhool, watalii wakitafuna, meneja akikuonyesha saa hata kiitikio hujakifikia. Hukulalamika. Ulikasirika siku moja tu, waliponikataza kuwasha moto wa kupashia ngoma, nami nikaazima mashine ya kukaushia nywele kwa dada wa mapokezi. Uligonga msondo mara moja ukanitazama. "Weye umeipikia ngoma upepo." Tukapiga hivyo hivyo, ikasikika kama ndoo.

Hata kaseti zako hukuzipenda. Ukisikia moja unanivuta tutoke dukani. "Yalla, twende. Mle ndani moto haumo."

Niliyoibakiza si ya harusini. Ni ile ya asubuhi tunarudi kutoka Hatta, milima bado haijaisha, ukaanza kuimba wimbo wa kumwingiza bibi harusi, peke yako, ukigonga dashibodi kwa vidole. Niliwasha simu bila kukuambia. Katikati unakohoa. Mwisho unasema, "Polepole mwanangu, hatuna tunakowahi." Nimeisikiliza kila siku tangu uzikwe. Na kila nikibonyeza najiuliza, je, ikiwa Salim anasema kweli? Mimi si mwanachuoni. Kama amekosea, nikiifuta nitakuwa nimekupoteza bure. Kama hakukosea, basi mimi ndiye ninayekutesa kila ninapokukumbuka. Sikujua la kufanya, nikaendelea kubonyeza.

Wiki hii wamenipigia watu wa Hatta. Wana harusi Alhamisi, wanataka leiwa, na wanataka mimi ndiye nianzishe. Mimi, ambaye kwako nilikuwa mwitikiaji wa nyuma, tena ukinikonyeza nishushe sauti. Nikaanza kujizoeza nyuma ya ghala wakati wa chakula. Jana Musyoka alinifuata na sahani yake, akasikiliza mara mbili, akaacha kutafuna. "Buda, una homa? Mbona unakohoa pale pale kila ukiimba?"

Sina homa, mzee. Nilikuwa nimeushika wimbo wako mpaka kikohozi.

Nilikaa juu ya boksi. Machozi hayakuja, nisikudanganye, ila hilo liliniuma, na ndilo jambo la kwanza kuniuma tangu siku ile. Kisha nikatoa simu nikaifuta. Haikuchukua muda, kumbe ni jambo dogo hivyo. Sasa katika sisi wa kundi lako hakuna tena anayeipiga sauti yako. Mwambie anayekuuliza huko kaburini kwamba umekwisha kunyamaza.

Alhamisi nitaimba kwa kinywa changu. Kama wimbo una hesabu, hesabu hiyo ni ya Hamisi, asiulizwe mwingine. Moto nitauwasha wa kuni, sitaazima mashine kwa mtu. Na kwenye kukohoa nitakohoa, wakidhani nina mafua shauri yao.

Kwaheri, mzee wangu. Lala. Ngoma nitazipakia mwenyewe, na njia ya Hatta nitaendesha polepole.

Mwanao,
Hamisi