Karoti Mkononi mwa Karimi

Mpendwa Mama,

Unakumbuka siku ile ya mwisho nilipokuja Kibirichia, tumbo likinitangulia mlangoni? Ulikuwa unamenya viazi. Mtoto akapiga teke, ukafuta mkono kwa leso, ukauweka tumboni.

"Huyu ako na nguvu," ukasema. "Ananisalimia."

Nami nikajitia mwalimu wa baiolojia hata mbele yako. Nikakueleza kwamba neva zake zimeshafika kwenye misuli, na kila teke linasaidia kuimarisha pale zinapoungana. Ukacheka.

"Kumbe ni mazoezi? Basi wachana na yeye afanye."

Tulikuzika kabla hajazaliwa. Alikuja mapema, mdogo, mlegevu kama leso iliyoloa. Daktari alisema tungoje tuone kama mikono itamtii. Kwa kuwa ni msichana wetu wa pili, na wa pili hupewa jina la mama wa mke, watu wa baba yake hapa Embu walimpa jina lako, Karimi. Na kwa desturi yao, kwa kuwa amebeba jina lako, mimi namwita Mama. Hujui ilivyo vigumu kuliita jina hilo nyumbani na usije wewe.

Darasani nafundisha kwamba mtoto huzaliwa uzi mmoja wa msuli ukiwa bado unagombaniwa na neva kadhaa. Siku zinavyosonga, nyingine hujiondoa zenyewe, inabaki moja, inakomaa. Kila nikifika hapo naliona shamba lako la karoti. Ulikuwa unazipanda kwa kuzisongamanisha, kisha unapita ukizipunguza, nami nakufuata nikizililia zile ulizong'oa.

"Tukiacha zote, hatutapata hata moja ya maana," ulisema. Kisha ukanipa kikaroti chembamba kama kijiti cha kiberiti. "Shika. Kula, uache kelele."

Nilikipangusa kwa sketi nikakila na udongo wake. Sijapata kula kitu kitamu hivyo tena.

Mwaka huu nimejua kungoja, Mama. Wenzake walishika vijiko, yeye vilimponyoka. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu sikuwa na wa kunifundisha subira. Nilikutaka wewe tu, uje ukae hapo jikoni, useme wachana na yeye, atashika.

Jana asubuhi, hapa kwetu Embu, mtaani Dallas, nilikuwa namenya karoti, yeye mkekani karibu yangu. Akaokota kipande. Nikangoja kianguke, hakikuanguka. Akakigeuza, akakitia mdomoni, akakitoa. Nikanyoosha kiganja.

"Mama," nikamwambia, "nipe."

Akanitazama kwa makini, macho yale yako. Akauleta mkono polepole, ukitetemeka kidogo, akafungua vidole, akaniachia karoti kiganjani, imeloa mate.

Niliila nikilia. Tangu uondoke nimeita Mama mara nyingi sana. Jana ndipo nilipopewa kitu.

Lala salama shambani kwako.

Ni mimi binti yako,
mama yake Karimi